Jani la kijani lenye njaa: mzabibu wa Masasi wakati wa kiangazi

Swali: "Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Masasi. Miaka mitatu iliyopita nililetewa vipando vya mzabibu kutoka Dodoma, nikavipanda nyuma ya nyumba karibu na mkorosho wa zamani. Vilishika kumi na vinne. Mwaka huu nilipogoa katikati ya Mei, maua yakaja mwezi wa sita mwishoni, vichala vikafunga vizuri, halafu mambo yakasimama. Agosti imekwisha na punje bado ni kama mbaazi, na ukali wake ni wa ukwaju. Kila jioni nauwekea kila mche kidumu cha lita tano. Majani yapo na ni ya kijani. Jua ndiyo usiseme. Jirani anasema niweke yurea. Mimi nilifundishwa kwamba mmea hujipikia chakula kwa jua na kwa ule ukijani wake. Huu wangu unavyo vyote viwili, mbona unakaa na njaa? Au ning'oe nipande mikorosho kama wenzangu?"

Shikamoo Mwalimu.

Yurea iache stoo kwanza, tutaifikia. Ulichofundishwa ni kweli, ila kilikatwa mkia. Jua na ukijani ni moto na chungu. Chakula chenyewe kinatoka wapi? Wengi hujibu "ardhini", lakini jibu hilo si sahihi. Ukiikausha zabibu ukapima kilichobaki, sehemu kubwa ni sukari, na kaboni iliyomo ndani ya sukari hiyo yote ilichukuliwa hewani. Jani hunasa hewa ya ukaa, huvunja maji kwa nguvu ya jua na kuviunganisha upya kuwa sukari, na oksijeni ya maji hayo hutoka kama taka za jikoni. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru.

Shida ni kwamba hewa ya ukaa ni haba mno. Katika kila chembe 10,000 za hewa inayopita juu ya kichanja chako, ni nne na kidogo tu zilizo za hewa hiyo. Ili kuzipata, jani halina budi kufungua milango. Geuza jani la mzabibu uangalie upande wa chini. Kwa macho huoni kitu, lakini hapo ndipo vilipo karibu vyote vile vitundu vidogo tunavyoviita stomata. Kila kitundu kina seli mbili za ulinzi mfano wa midomo miwili: zikijaa maji hupinda na mlango kufunguka, zikilegea mlango hujifunga.

Ndani ya jani kumelowa, nje kumekauka. Mlango ukifunguka hewa ya ukaa inaingia, na kwa mlango huo huo mvuke unatoka. Biashara hii si ya haki hata kidogo: kwa kila chembe moja ya hewa ya ukaa inayoingia, mmea wa aina ya mzabibu hupoteza mamia ya chembe za maji. Katika maji yote yanayopandishwa na mizizi, hata sehemu moja kati ya mia haibaki jikoni. Yaliyobaki ni ushuru wa mlango.

Sasa fikiria Agosti ya Masasi. Mvua ilikatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Upepo wa kusi unavuma kutwa nzima, mkavu, ule unaokausha kanga kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika ya pili. Jani lako nalo ni nguo mbichi kwenye kamba ile ile. Udongo ukianza kukauka, mizizi na majani hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Ikizifikia zile seli za ulinzi, zinatoa maji, zinalegea, na mlango unafungwa. Mzabibu hufanya hivi mapema, siku nyingi kabla jani halijanyauka. Ni mmea mwoga wa kiu, na uoga huo ndio unaouokoa usife.

Lakini mlango uliofungwa kwa ajili ya maji umefungwa kwa hewa ya ukaa pia. Jiko lipo, chungu kipo, moto unawaka, unga haujaingia ndani. Ule ukijani ulionao, Mwalimu, ni rangi ya jiko tu. Anayepita barabarani akaona jiko barazani hawezi kujua kama kuna kilichopikwa. Umbijani, yaani huo ukijani wenyewe, haufifii eti kwa sababu jani limekosa kazi wiki mbili tatu, unaweza kukaa mwezi mzima ukimdanganya mwenye shamba na jirani yake.

Mihogo yako hufanya vivyo hivyo, tena huuogopa upepo mkavu kuliko mzabibu. Hufunga stomata, hupukutisha majani, hukaa na akiba yake chini ikingoja mvua. Tofauti ni kwamba wewe wa muhogo unataka mzizi, wa mzabibu unataka tunda katikati ya njaa hiyo hiyo.

Katika siku moja ya kiangazi mambo huenda hivi. Kuanzia saa moja asubuhi jani linafunguka, kuna ubaridi kidogo, mizizi imejivutia maji usiku. Mpaka saa nne kazi ni nzuri. Kuanzia saa tano jua linapanda, kusi unachachamaa, mlango unarudishwa nusu, na kufika saa saba umefungwa. Alasiri huenda ukafunguka kidogo, huenda usifunguke. Mzabibu wenye maji ya kutosha nao hupumzika kidogo mchana, lakini hupiga kazi sehemu kubwa ya siku. Kwa hali uliyonieleza, ningeshangaa wako ukipata zaidi ya saa tatu nne za kazi ya maana.

Na hapo jua unalolisifia linageuka kuwa mzigo. Jani la mzabibu hutosheka na thuluthi moja mpaka nusu ya mwanga wa jua kali la mchana. Linalozidi halina pa kwenda hata siku njema. Siku ya mlango kufungwa ni mbaya zaidi, kwa kuwa nguvu inaendelea kuingia na hakuna hewa ya ukaa ya kuifanyia kazi. Jani hujitahidi kuimwaga kama joto, lina rangi maalumu za manjano kwa ajili hiyo. Likizidiwa siku kwa siku, mitambo yake ya kunasa mwanga huanza kuharibika.

Kuna hasara nyingine ya ndani kabisa. Kimeng'enya kinachoshika hewa ya ukaa, rubisko, hakioni vizuri. Hewa ya ukaa ikipungua ndani ya jani na joto likipanda, kinashika oksijeni badala yake. Mmea unalazimika kutumia nguvu kurekebisha kosa hilo, na katika kurekebisha unaachia sehemu ya kaboni uliyokwisha kuichuma. Mahindi na mtama vina pampu ya kuirundikia rubisko hewa ya ukaa, ndiyo maana hustahimili jua kwa ujasiri ule. Nanasi hufungua milango usiku. Mzabibu hauna hila yoyote kati ya hizo.

Halafu kuna joto lenyewe. Mvuke unaotoka ndio jasho la jani. Ukizuiwa, jani hupata moto kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi kadhaa. Mzabibu hupika vizuri jani likiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi, ukivuka 35 kazi inaporomoka. Na nyumba yako, kama iko chini ya ile milima ya mawe ninayoikumbuka, inapata joto la mwamba mpaka jioni. Jaribu hili bila kifaa chochote: saa saba mchana chukua jani la mwembe wenye mizizi mirefu, libandike shavuni, kisha jani la mzabibu lililo juani vilevile. Lililo baridi linatoa jasho. Lililo vuguvugu limefunga mlango.

Ukitaka ushahidi wa macho, chukua mifuko miwili ya nailoni inayoangaza. Saa mbili asubuhi vika jani moja likiwa bado kwenye tawi, funga mdomo kwa uzi, ngoja robo saa. Rudia saa saba kwa jani jingine. Mfuko wa asubuhi utapata umande ndani, wa mchana ukibaki mkavu umenielewa. Usiuache muda mrefu juani, utalipika jani. Na kama una mjukuu wa sekondari, mwambie achume jani jioni kwenye mche uliomwagiwa sana na jingine kwenye mche wenye kiu, achemshe, ayatoe rangi kwa spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto, mbali kabisa na moto wenyewe, kisha adondoshee aiodini. Jani lililopika wanga siku hiyo litageuka jeusi-buluu. Lililoshinda na njaa litabaki kahawia.

Kitu ambacho wakulima wengi hawaambiwi ni kwamba usanisinuru si wa kwanza kuumia. Kwanza husimama ukuaji. Seli changa hutanuka kwa kusukumwa na maji, yakipungua kidogo tu hazitanuki, hata kama jikoni bado kunapikwa. Kwa hiyo kiu huisomi kwenye jani pana la katikati, unaisoma kwenye ncha. Mzabibu wenye raha, vile vikono vinavyojikunja hupita mbele ya ncha ya tawi, vimekakamaa, vinatafuta pa kushika. Ukianza kuona kiu, ncha inasimama, majani machanga yanaifikia na kuifunika, vikono vinalegea halafu vinakauka na kuanguka. Ukifika hapo umeshachelewa wiki nzima, na jani kubwa bado ni kijani kama siku ya Idi.

Baada ya hapo kuna hatua ya kati ambayo si mbaya sana. Mlango ukiwa nusu, maji yanayopotea hupungua kuliko sukari inavyopungua, yaani mmea unakuwa bahili mwenye akili. Watengenezaji wa mvinyo katika nchi kama Hispania na Australia huutafuta ubahili huu kwa makusudi, ili punje ziwe ndogo na ladha ikolee. Mbegu nazo hutofautiana: Grenache hufunga mapema na kulinda maji, Syrah huendelea kutumia kana kwamba mvua ni kesho. Lakini hao wana mabomba ya matone na vipimo, wanaunyima mzabibu maji kama daktari anavyopunguza chumvi. Wako umevuka hatua hiyo. Ukiona majani ya chini yanakuwa manjano na kuachia, sasa si mlango tu, jiko lenyewe linabomoka, na hata ukimwaga maji leo itachukua wiki kadhaa kurudi. Kiu ndogo ikinyweshwa, milango hufunguka ndani ya siku chache.

Tuje kwenye punje zako. Wiki chache za kwanza baada ya maua kufunga ndizo zinazoamua ukubwa wa zabibu, maana seli zinagawanyika na kutanuka wakati huo. Punje iliyopata kiu hapo haitalipwa baadaye, hata ukiifungulia mto Ruvuma. Wewe ulipogoa Mei, maua yakafunga mwisho wa Juni, basi wiki za dhahabu zikaangukia Julai, udongo wa kichanga umekauka na kusi uko kazini. Na kuhusu ukali: kuivisha kilo moja ya zabibu kunahitaji kama mita moja ya mraba ya majani, nayo majani yanayofanya kazi. Ukihesabu majani yako utasema yanatosha. Ukihesabu saa yanazofungua mlango, una theluthi ya majani unayoyaona. Sukari haikufika, uivaji ukachelewa, asidi ikabaki.

Huenda pia uliambiwa kwamba mzabibu unapenda ukame. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Dodoma hupata mvua ndogo kuliko Masasi na bado inavuna mara mbili kwa mwaka, lakini hayo mavuno ya kiangazi yanategemea kumwagilia. Ukavu anaoupenda mzabibu ni wa hewa, kwa sababu ukungu haushambulii sana, si wa mizizi. Tena Dodoma iko juu, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai watu hujifunika blanketi. Masasi iko chini zaidi na usiku wake una joto, na mmea hupumua usiku kucha ukichoma sukari ya mchana. Joto likiongezeka nyuzi kumi, uchomaji huo huwa karibu maradufu. Wewe mwenye historia utakumbuka wale Waingereza waliokuja na mpango wa karanga mwaka 1947, wakachukua Kongwa na Nachingwea kwa pamoja, na 1951 wakauacha mpango huo. Kujua mvua ya mwaka mzima si kujua maji yapo wiki gani.

Maji sasa. Upana wa kichanja hukuutaja, nikadirie kila mche umetandaza majani juu ya mita nne za mraba. Siku kavu ya upepo hewa huweza kunyonya milimita tano hivi, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hiyo ni lita 20 kwa siku. Mzabibu hautumii zote, tuseme 14. Wewe unatoa tano, na za jioni zinalowesha vidole viwili vya juu vya mchanga, ambavyo kesho yake saa nne vimeshakauka. Zaidi ya hayo umeizoesha mizizi kukaa juu ikingoja kidumu chako, badala ya kwenda chini.

Kama huna maji zaidi, usiongeze, badilisha namna. Maji ya siku nne yape mara moja: lita 20, dumu zima, kwa mche mmoja. Toboa dumu kwa msumari chini, liweke hatua moja kutoka shinani, liache livuje usiku. Miche kumi na nne utaizunguka kwa zamu. Kabla ya hapo funika udongo kwa matandazo mazito, kiganja kizima kwenda juu: nyasi kavu, maganda ya karanga, mabua ya ufuta, chochote kisicho na mchwa tayari. Usiyabandike kwenye shina. Kwa uzoefu wangu, matandazo hufanya kazi kuliko kidumu cha pili.

Ule mkorosho wa zamani ni mgeni mbaya mezani. Mizizi yake ya pembeni husambaa mbali kuliko kivuli chake, na hiyo lita tano anakunywa pamoja nawe. Ndiyo siri yake ya kutoa maua wakati wa kiangazi wakati wengine wamelala: anachota chini na anachota kwa jirani. Simwambii mtu wa Masasi akate mkorosho, nisije nikafukuzwa. Chimba mtaro wa kina cha mkono kati yake na mstari wa kwanza wa mizabibu, ukate mizizi inayokuja, urudishie udongo. Kivuli chake cha alasiri, ikiwa kipo, kiache: jani lililotosheka na nusu ya jua halipotezi kitu kikubwa kwa kupewa nusu.

Na majirani wakipuliza salfa kwenye mikorosho yao, vumbi likifika kwako si sumu kwa mzabibu. Salfa hiyo hiyo hutumika kuzuia ubwiriunga wa zabibu, ule ukungu mweupe kama unga. Ila ikitua mchana wa joto la nyuzi 32 na zaidi, hubabua majani, na jani lililofunga mlango limeshakuwa na moto kuliko hewa. Ukiona mabaka ya kahawia upande unakotoka upepo, usianze kutafuta ugonjwa mwingine.

Lililo kubwa kuliko yote ni kalenda. Usipogoe Mei tena. Pogoa wiki ya kwanza ya Machi. Maua yatakuja mapema Aprili, mvua ikiwa inaaga, zile wiki za kutanuka zitaangukia mwisho wa Aprili na Mei udongo ukiwa bado na akiba, na uivaji utaingia Juni wakati hewa imekauka na usiku umepoa kidogo. Gharama yake ni ukungu wakati wa maua: kagua majani pande zote mbili kila asubuhi, ukiona unga mweupe au madoa kama ya mafuta, muone afisa ugani haraka, usingoje yaenee.

Vichala vya mwaka huu kata vingi, acha kimoja kwa kila matawi mawili. Inauma, najua. Lakini macho ya mwakani yanaumbwa sasa, ndani yake mna vichala vichanga visivyoonekana, navyo vinakula sukari ile ile. Mzabibu uliofunga mwaka na njaa huja na vichala vichache mwaka unaofuata, na mtu hulaumu mbegu. Mvua zikirudi Desemba uache uchanue majani tu, ujaze akiba kwenye shina na mizizi.

Yurea: ukiiweka sasa, ama itakaa kwenye udongo mkavu bila kuliwa, ama itachipua majani mapya laini, yaani milango zaidi ya kulipia ushuru. Iweke kidogo mvua zikianza, pamoja na samadi iliyooza.

Kuhusu kung'oa, chukua kisu, kwaruza gome la shina jembamba kiasi cha ukucha. Ukikuta kijani kibichi na unyevu chini yake, mche huo una mizizi hai, uache. Ukikuta kahawia na kavu, shuka chini ukwaruze tena karibu na ardhi. Mara nyingi mzabibu uliokufa juu huchipua chini Desemba. Ile itakayokuwa kavu mpaka ardhini ndiyo ung'oe, na shimo lake usilipandie mzabibu mwingine kabla hujamaliza ule mtaro wa mkorosho.